Moyo Haujafika

Mwanangu husikiliza muziki kwa kuupa mgongo. Ndiyo kazi yake, na ndivyo alivyoifanya kwa miaka ishirini na miwili: anakaa kwenye kiti cha mbao, uso ukutani, macho kayafumba. Mashine iko nyuma yake, na kwenye mashine niko mimi mama yake. Watu wa gazeti wanamwita mhakiki. Wapiga muziki wanamwita Sikio, wengine kwa heshima, wengine kwa kumcheka, maana masikio yake ni makubwa kweli, ameyarithi kwa marehemu baba yake.

Mara moja kila mwaka huandika ulinganisho. Anachagua konseto moja. Konseto, kwa asiyejua kama nilivyokuwa sijui mimi, ni muziki mrefu ambao mtu mmoja anapiga chombo chake mbele, na kundi kubwa nyuma yake linamwitikia, linambishia, mara linamnyamazia. Ya mwaka ule ilikuwa ya piano, sehemu tatu: ya haraka, ya taratibu, kisha ya haraka tena. Aliyeitunga alikufa zamani, na kila anayejiona anaiweza piano ameirekodi. Noti ni zile zile. Kazi ya mwanangu ni kusikiliza diski sita za konseto hiyo hiyo moja, kisha awaambie watu ipi ni ipi.

Siku za mwanzo nilimuuliza, "Sasa mwanangu, kama wote wanapiga kitu kimoja, unalinganisha nini?"

Akaniambia, "Mama, watu kumi wakikuamkia asubuhi, si neno ni lile lile? Lakini wewe unajua nani kakuamkia kwa moyo na nani alitaka kupita tu."

Hapo alinipata.

Ili asimpendelee mtu kwa jina lake, alibuni utaratibu. Diski zinaletwa mpya kutoka gazetini, zimefungwa kwenye nailoni, yeye hazitazami. Mimi nazipanga juu ya meza kwa mpango ninaoujua mwenyewe. Zamu ya diski ikifika, nachana nailoni kwa kisu kidogo cha jikoni, naibonyeza mashine inatoa ulimi, nailaza diski juu ya ulimi, nabonyeza tena, inameza. Kasha lake nalilaza kifudifudi ili nijue limekwisha. Diski iliyokwisha kusikilizwa naichomeka kwenye kijiti cha plastiki pamoja na wenzake, na kuzirudisha makashani ni kazi ya siku nyingine, nikipata nafasi. Yeye anaandika kwa namba tu, ya kwanza, ya pili, mpaka ya sita. Akishamaliza kuandika, ndipo ananiuliza majina. Nimesoma mpaka darasa la nne, na kwa kazi hii darasa la nne linatosha na kubaki.

Katika zile sita za mwaka ule, moja ilikuwa ya mjukuu wangu.

Mjukuu wangu ni mtoto wa huyu huyu mwanangu, wa pekee. Mama yake alipoondoka kwenda kuanza maisha mengine, mtoto akabaki na sisi na piano. Mimi humwita mke mwenzangu, kwa utani wetu wa bibi na mjukuu, maana alikuwa akimkalia babu yake mapajani na kuniambia, "Bibi, huyu nimeshakunyang'anya." Baba yake ndiye aliyemfundisha. Alikaa kwenye kiti kile kile, mgongo kwa piano, na mtoto akiteleza hata kidogo anatamka neno moja: "Rudia." Miaka kumi na moja ya rudia. Alipofikisha ishirini alifunga begi akaenda kusoma mbali, na kwa miaka minne hakuwa amekanyaga nyumbani. Kunipigia simu alikuwa akinipigia. Baba yake alimsalimia kupitia kwangu, naye akarudisha salamu kwa njia hiyo hiyo, kama majirani walionuniana wanaopitishiana chumvi juu ya ukuta.

Basi mwaka ule akarekodi diski yake ya kwanza, na ukumbi mkubwa wa hapa mjini ukamwita aje aipige konseto hiyo mbele ya watu. Angerudi nyumbani. Nilikuwa nimeshafua mapazia ya chumba chake. Lakini maneno yakaanza, kwamba hajaitwa kwa vidole vyake, kaitwa kwa masikio ya baba yake. Mwanangu alipoyasikia akasema diski ya mtoto wake haiingii kwenye ulinganisho, kwisha.

Mimi ndiye niliyemsihi. Hilo nalisema mapema ili mtu asimtafute mwingine wa kumlaumu.

"Mweke," nilimwambia. "Wewe si humjui anayepiga? Akifanya vizuri, midomo itafungwa, mtoto atakuja kichwa juu."

"Na akifanya vibaya?"

"Si umemfundisha wewe?"

Akacheka. Mwanangu hacheki ovyo, kwa hiyo nilijua nimeshinda.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Nilizipanga diski kwa hesabu zangu. Wa kwanza hupata sikio lenye njaa, linalokula chochote. Wa mwisho hupata sikio lililochoka. Mke mwenzangu nikamweka wa tano. Picha yake kwenye kasha amevaa gauni la buluu, amesuka, ananiangalia mimi kabisa. Nikamwambia kimoyomoyo, tulia, zamu yako inakuja.

Sasa, jikoni bomba lilikuwa linavuja, na fundi bomba niliyemngoja siku nne akachagua asubuhi hiyo hiyo kuja. Nikamwingiza kwa mlango wa nyuma na kumwomba asigonge vyuma.

"Mama, bomba halifunguliwi kwa kubembelezwa," akasema.

"Basi libembeleze nusu, ugonge nusu."

Akaingia chini ya sinki, ikawa inaonekana miguu tu.

Ya kwanza ikapita, na ya pili. Ya tatu ilikuwa ya mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe, kwenye kasha anatazama dirishani kama anayesubiri mgeni aliyechelewa. Sehemu ya taratibu ilipoanza, mwanangu akanyanyua kidole kimoja juu, akakiacha hapo hapo. Kwa miaka ishirini na miwili nimekiona kidole kile mara tatu au nne. Ilipokwisha akaandika haraka haraka. Ya nne ikaja, akaikunjia uso mwanzo mpaka mwisho. Kisha akasema, bila kufumbua macho, "Mama, nirudishie ya tatu. Ile sehemu ya taratibu tu, nisafishe masikio."

Nikamrudishia. Ilikuwa inamalizika pale fundi alipopiga ukelele, "Mama! Ndoo!" Nikakimbia. Maji yalikuwa yanaruka mpaka kwenye kabati. Tukahangaika na ndoo na matambara, mimi na fundi, bila sauti kama wezi, na nikarudi chumbani mikono inachuruzika, sikungoja kujifuta, maana niliyekuwa naye mezani sasa ni mke mwenzangu.

"Endelea, Mama," mwanangu akasema ukutani. Sauti yake ilikuwa imeshakereka. "Ya tano."

Nikalilaza kasha la buluu kifudifudi. Nikabonyeza.

Muziki ukaanza. Nami nikalia, sisemi uongo. Nilisimama pale na matambara mabichi, machozi yananitoka kwa kumsikia mtoto niliyemlea. Kwenye sehemu ya taratibu kuna mahali vidole vinasita kidogo kabla ya kushuka, na nilipousikia ule msito nikasema moyoni, ndiye huyu, hivi hivi ndivyo alivyokuwa akisita mlangoni kabla ya kuingia chumba cha baba yake.

Fundi akatoa kichwa jikoni. "Mbona mmerudia huo huo?"

"Shh!"

"Huu si ule ule wa kabla ya ndoo? Kuna kiti kinalia, pale pale. Kimelia tena. Hakijatiwa mafuta."

Mwanangu hakugeuka. "Fundi," akasema pole pole, kwa ile adabu yake inayouma kuliko tusi, "kwa asiyejua, yote ni moja. Na kila mpiga piano ana kiti."

"Samahani, mzee. Mimi kazi yangu kusikiliza matone tu." Kichwa kikarudi chini ya sinki.

Nami nilimcheka yule fundi. Nilimcheka kwa dharau kabisa, kwa pua.

Baada ya ya sita, mwanangu alinisomea alichoandika, kama kawaida yake. Ya tatu aliisifu mpaka nikaona haya kwa niaba ya mzee mwenye ndevu. "Hapa kusita si woga, ni hekima," aliandika. "Mtu huyu anaijua njia, ndiyo maana hana haraka." Kisha akafika ya tano. "Mikono ina bidii, wala haikosei. Lakini mahali pa kusita inasita kwa sababu imefundishwa kusita. Huyu anapiga kama mtoto anayesoma barua ya mtu mwingine. Moyo haujafika."

Akachukua kalamu. "Haya, majina."

Nikamtajia wa kwanza, wa pili, mzee wa tatu, wa nne. Halafu nikaanza kuifuta meza kwa tambara.

"Ya tano, Mama."

"Mtoto wako."

Kalamu ikabaki hewani. Jikoni fundi alikuwa anakusanya vyuma vyake, klang, klang.

"Futa," nikamwambia. "Hilo la moyo tu. Mengine acha."

"Nikifuta hilo, kila nililowahi kuandika ni uongo."

"Ungejua ni yeye, ungeliandika?"

"Ndiyo maana sikutaka kujua."

Akaandika jina la mtoto wake kwa herufi nzuri kuliko zote, kama anayeandika kwenye jiwe. Jumatatu akapeleka gazetini.

Wiki ile nilitembea nyumbani kama mgeni. Nilijiambia, sikio halizidi kichwa. Mimi ni nani, darasa la nne, nimbishie Sikio? Mimi nilisikia mtoto wangu, nikalia. Yeye alisikia mpiga piano, akapima. Kipendacho moyo ni dawa, lakini si hoja.

Ijumaa nikapata nafasi ya kurudisha diski makashani. Nikakaa na kijiti changu. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Halafu mkononi nikabaki na diski moja, na mezani makasha mawili. Nikafikiri moja imeanguka. Nikatafuta chini ya meza, chini ya zulia, nikakagua hata ulimi wa mashine. Ndipo nikalishika kasha la buluu, na vidole vyangu vikateleza. Nailoni. Ilikuwa nzima, pembe zote nne zimekunjwa kama zilivyotoka kiwandani. Mke mwenzangu alikuwa ananitazama kutoka ndani, hajawahi kutolewa.

Nilikaa chini. Nikaona yote kwa mpigo: ya tatu iliyorudiwa, ndoo, mikono yangu mibichi. Kasha nililigeuza, diski sikuibadilisha. Sikio alimsikiliza mzee mwenye ndevu mara mbili kwa asubuhi moja. Mara ya kwanza akamwita mwenye hekima, mara ya pili akamwita mtoto asiyefika. Na mimi nilimlilia mzee wa watu nikidhani ni mjukuu wangu, nikamtambua hata kwa msito wake mlangoni!

Mwanangu aliporudi mchana nilikuwa bado nimelipakata lile kasha.

"Mama, unaumwa?"

"Kaa kwanza."

"Niambie nimesimama."

Nikamwambia. Hakupandisha sauti. Alisema tu, "Haiwezekani," kama mtu anayeambiwa jua limechomoza mara mbili. "Mama, ya tatu na ya tano ni mbingu na ardhi. Umri umeanza kukuchezea, usikasirike nikisema."

Nikampa kasha. Akaipapasa nailoni, upande huu, upande ule. Akatafuta mahali palipochanwa. Kisha akaenda kwenye mashine mwenyewe, jambo ambalo halijawahi kutokea, akaiweka ya tatu, akairuka sehemu ya kwanza, akasimama wima akiitazama mashine uso kwa uso. Muziki ukaenda taratibu. Tukangoja. Na kweli, baada ya ule msito, kwa mbali kabisa, kiti kikalia.

Akazima.

"Fundi bomba," akasema.

"Fundi bomba," nikasema mimi.

Akacheka, safari hii kicheko ambacho sikutaka kukisikia tena. Kisha akampigia mhariri wake. Mhariri ni mama mmoja mwenye sauti inayofika mpaka jikoni hata simu ikiwa sikioni mwa mtu, kwa hiyo nilisikia yote.

"Kurasa za kati zimechapwa tangu jana," alisema. "Zimefungwa, ziko kwenye magari. Kuna nini?"

Mwanangu akamweleza. 

"Wewe unanitania."

"Sikutanii. Nataka masahihisho wiki ijayo. Niseme ukweli wote, kwamba diski ilikuwa moja."

"Bwana wewe, ukiandika kwamba umeisifu na kuiponda diski moja kwa asubuhi moja, nani atakusoma tena? Nani atalisoma gazeti? Nitaandika mstari mmoja: palitokea hitilafu ya namba. Basi."

"Si namba. Ni mimi."

"Basi hitilafu ya namba," akasema mhariri, akakata.

Mwanangu akarudi kwenye kiti chake, akakaa uso ukutani ingawa mashine ilikuwa kimya. Nikamwambia, "Ifungue basi, uisikilize sasa. Angalau ujue."

"Nitajua nini, Mama? Nikiipenda, nitakuwa naomba radhi. Nikiichukia, nitakuwa najitetea. Hilo sikio la kumsikiliza nimeshalitumia kwa mtu mwingine."

Nilimzaa mwenyewe, nimemnyamazisha kwa kila kilio cha utotoni, lakini siku ile nililirudisha tu kasha la buluu mezani.

Jumamosi nilimpigia mjukuu wangu tangu asubuhi ili nimwahi kabla ya gazeti la Jumapili. Simu yake ilikuwa imezimwa. Alikuwa safarini, nilikuja kujua baadaye. Nilipiga nikipika, nikapiga nikianika nguo. Yule dada wa kwenye simu akaniambia nijaribu baadaye, nikamjibu kwa sauti, "Mwanangu, baadaye ndiyo kesho, na kesho ndiyo hiyo ninayoikimbia."

Jumapili saa nne akapiga yeye.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba, mke mwenzangu." Kwa sauti yake tu nikajua kasoma. "Sikiliza, kabla hujasema chochote..."

"Nimesoma. Usijali, Bibi, sijakasirika."

"Si hivyo. Nisikilize."

"Nimeisoma mara tatu. Ya kwanza nililia. Ya pili nikatafuta pa kumbishia, sikupata. Ya tatu nikasema, kweli. Baba hakujua ni mimi, sivyo? Kwa hiyo hakuna chuki wala upendeleo. Ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu kanisikiliza mpaka mwisho bila kusema rudia."

"Hakukusikiliza!" nikasema. "Mimi ndiye. Sikubadilisha diski. Alimsikiliza mzee wa tatu mara mbili. Yako haijafunguliwa mpaka leo, iko hapa na nailoni yake, naishika kwa mkono huu."

Nikamweleza yote: ndoo, fundi, kiti kinacholia. Halafu nikasikia sauti, na sikuweza kujua kama anacheka au analia. Simu haisemi.

"Mzee yule?" akasema. "Yule mzee ndiye anapiga kama mtoto anayesoma barua ya mtu mwingine?"

"Ndiye."

"Bibi, yule ni mwalimu wa walimu wangu."

"Basi unaona! Maneno yale si yako. Yatupe."

"Nimeshawaandikia watu wa ukumbi. Nimewaambia watafute mwingine."

"Waandikie tena! Waambie bibi yako mzee kachanganya diski."

"Si hivyo, Bibi. Tatizo ni kwamba nikikaa kwenye piano sasa naisikia. Juzi mtu wa gazeti alinitumia ukurasa mapema, kabla sijasafiri. Nilikaa nikapiga ile sehemu ya taratibu. Nikafika pale pa kusita, nikasita. Nikajiuliza, nimesita kwa nini? Kwa sababu nilifundishwa kusita. Nani kanifundisha? Yeye. Ni kweli tupu. Hata kama hakunisikia, kanisema."

"Hakukusema wewe!"

"Lakini ni mimi."

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini angalau huwa unaona yalipomwagikia. Haya yalimwagikia ndani ya mtoto, na mkono wangu haufiki.

"Wewe je, Bibi?" akauliza, kwa ile sauti ya zamani ya kuomba kubebwa. "Wewe umenisikia? Niambie wewe."

Ningeweza kumdanganya. Bibi gani hamdanganyi mjukuu wake kwa wema? Lakini asubuhi ile ya Jumamosi nilisimama na machozi yangu, na ushahidi wangu, na msito wangu wa mlangoni, na yote ilikuwa kwa mtu nisiyemjua.

"Masikio yangu nayo yalinidanganya," nikamwambia. "Nilimlilia mzee nikidhani ni wewe."

"Sasa nani atanisikia?" akasema. Hakusema kwa kulalamika. Aliuliza kama anayeuliza duka lililo wazi ni lipi. Kisha akasema ana kazi, atapiga baadaye, akakata.

Nilipogeuka, mwanangu alikuwa amesimama mlangoni. Sijui tangu lini.

"Kajitoa ukumbini," nikasema.

"Nimesikia."

"Anasema ulichoandika ni kweli."

Akajishikiza mlangoni. Kwa miaka yote wapiga muziki wamemwandikia barua kumwambia ni mwongo, kiziwi, msaliti, naye huzisoma akinywa chai. Huyu mmoja aliyekubali ndiye aliyemvunja. Akaja mpaka mezani, akalichukua kasha la buluu, akanipa.

"Ichane, Mama."

"Si ulisema haifai?"

"Haifai. Ichane."

Nikaleta kisu cha jikoni. Nailoni ikalia, ikatoka nzima kama ganda la kitunguu. Yeye akaenda kwenye kiti chake, akakaa uso ukutani, akafumba macho. Nikataka kumwambia hakuna haja, sote tunajua ni nani, lakini nikamwacha. Nikabonyeza, mashine ikatoa ulimi. Nikaikagua diski mara mbili, nikaisoma herufi moja moja. Nikabonyeza, ikameza.

Sitasema ilikuwaje. Nilijizuia nisilie, maana machozi yangu nilikuwa nimeshayavunjia heshima. Nilimtazama mwanangu. Nilikingoja kile kidole. Sehemu ya kwanza ikapita, mikono yake ikiwa magotini. Ya pili ikaanza, ikafika pale pa kusita. Kidole kikainuka kidogo, kikashuka, kikainuka tena. Mwisho akaushika mkono ule kwa mkono wa pili, kama anayemshika mtoto asivuke barabara.

Ya tatu ikaisha. Mashine ikajizima yenyewe.

Nikangoja. Kila siku ikifika hapo, anaomba kalamu. Hakuomba. Nikahesabu matone ya bomba, maana lilikuwa limeanza tena kuvuja.

"Sema basi," nikamwambia. "Moyo umefika au haujafika?"

Akageuka na kiti chake chote, miguu ya kiti ikakwaruza sakafu. Ana miaka hamsini na tatu, na pale nilimwona wa miaka sita.

"Sijui, Mama."

Neno hilo sijawahi kulisikia kinywani mwake. Si kuhusu muziki.

"Hujui?"

"Sijui. Nilisikia sauti yangu tu ikimwambia rudia."

"Basi mwambie hivyo hivyo," nikasema. "Mwambie umemsikiliza mpaka mwisho, na hujui. Ni zaidi ya lile la gazetini."

Alifikiri. Kisha akanyoosha mkono, nikampa simu yangu, maana namba ya mtoto wake hakuwa nayo kwenye yake. Akaitafuta: nimeiandika Mke Mwenza. Akabonyeza, akaiweka mezani kati yetu, sauti ikiwa wazi.

Ikaita. Mwanangu akafumba macho, akainamisha kichwa, akaisikiliza ile simu kama anavyosikiliza kazi yake, kila mlio na kila kimya kilicho katikati yake. Ikaita mpaka ikakatika. Akabonyeza tena.

Nikavuta kiti, nikakaa naye. Ikaendelea kuita.